Mto wa Kina Shosho na Daraja la Guka

Riyadh haina mto. Kuna mabonde makavu ambayo kwa ramani ya simu yamechorwa kama mto, lakini ukienda huko na ndoo utarudi na mchanga. Siku moja mvua ilinyesha, ile ya kuja mara moja na kuondoka na viatu vya watu, tukakwama mimi na bosi karibu na Al-Sulimaniyah, maji yamefika kwa rimu za gari. Bosi alikuwa kiti cha nyuma na tasbihi yake. Akaniuliza kama maji ya kwetu huwa namna hii.

"Hapana bosi. Ya kwetu yana njia yake. Yanapita hapo hapo mwaka mzima."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Na mnayalipia?"

"Mafi. Hata senti."

"Sasa mnayafanyia nini?"

"Tunachota, tunaoga, tunagombana."

Akacheka mpaka tasbihi ikamponyoka. Mimi kazi yangu ni hiyo: gari naliendesha kwa mikono, bosi namwendesha kwa mdomo. Shule niliishia darasa la nane, na hata hilo nililifikia kwa sababu mwalimu alipenda vichekesho vyangu na hakutaka niende.

Lakini huo mto nilioutolea mzaha kwa bosi, mto wa kwetu, ulikuwa karibu kuninyima mke. Hayo ndiyo ninayotaka kueleza hapa.

Kila shule zikifungwa, familia ya bosi huenda Jeddah kwa dada yake, ambaye ana nyumba kubwa Al-Hamra, upande wa bahari. Wao hupanda ndege. Mimi hupanda lami na masanduku yao, na baiskeli za watoto, na mara moja na kasuku aliyenitukana kwa Kiarabu tangu Riyadh mpaka Taif. Nikifika hushusha mizigo kwa mlango wa jikoni, na safari ile ya kasuku mlango ulifunguliwa na msichana aliyeshika mwiko kama rungu.

"Huyo ndege anasemaje?" akauliza kwa Kiswahili. Alikuwa ameshanitambua kabla sijafungua mdomo. Wakenya tunajuana kwa namna ya kusimama.

"Anakusalimia."

"Huyo ametukana mama yako. Mimi nimekaa hapa siku nyingi kukushinda." Akachukua sanduku moja kama ni mkate. "Wewe ni wa wapi?"

"Kenya."

"Kenya ni kubwa. Wapi?"

Nikamwambia. Akaweka sanduku chini. Akaniuliza nyumbani tulikuwa tunachota maji mto gani. Nikamtajia. Akacheka.

"Huo ni mto wetu. Sisi tuko juu, karibu na msitu. Nyinyi wa huko chini mmekunywa maji tuliyooshea miguu miaka yote."

"Ndiyo maana tumekuwa warefu."

Mwanzo ulikuwa huo. Hatukuwa na mahali pa kukaa pamoja, dereva na msichana wa kazi hawakai pamoja kwa nyumba ya watu, kwa hivyo mapenzi yetu yalikuwa ya mlangoni. Yeye ndani akimenya vitunguu, mimi nje nikiosha gari ambalo tayari lilikuwa safi. Madam wa Jeddah alimwambia bosi wangu hajaona dereva anayependa usafi kama mimi. Familia ikirudi Riyadh, tunabaki na simu.

Alilelewa na shosho yake, mama ya mama yake. Wazazi hakuwa nao. Aliniambia mapema, bila kuzunguka: "Kwetu mtu wa kusema ndiyo ni mmoja. Shosho akikataa, halas. Usianze kunishawishi kwamba tutamzoeza polepole. Huyo hazoezwi."

Basi likizo iliyofuata, nikiwa Jeddah tena, akapanga niongee na shosho kwa video. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima imelala, esi zote za kupoza hewa zinanguruma. Mimi nilikaa kwa ngazi ya nje ya jikoni, yeye kwa kiti kidogo ndani ya mlango. Kabla ya kupiga akanipa masharti.

"Usifanye mzaha."

"Sasa nitaongea na nini?"

"Mwambie ya guka wako. Shosho wakati wa vita vya uhuru alikuwa msichana wa kubeba chakula mtoni. Akisikia guka wako alikuwa msituni, umemaliza kazi."

Hiyo nilikuwa nimemwambia siku nyingi. Nilikua nikijua guka wangu, baba ya baba yangu, alipigana na Wazungu, kwa sababu ndiye aliyenifundisha vita vile vilikuwa. Shuleni tulifundishwa tarehe, nikazisahau zote. Guka alinifundisha mto. Alikuwa akitupeleka kunywesha ng'ombe, mimi na binamu zangu, anatuonyesha kwa fimbo. Kule juu ni msitu, watu walijificha huko. Huku chini ni vijiji, Mzungu aliwafungia watu humo kwa mtaro wenye miti iliyochongwa. Katikati hapo barabara zina askari, njia za miguu zina askari, kwa hivyo aliyetaka kupeleka unga au risasi au habari alikuwa na njia moja tu, nayo ni kuingia ndani ya maji na kutembea humo humo. Maji hayashiki nyayo. Mbwa akifika ukingoni anazunguka kama mjinga. Guka alisema aliyeshika mto ameshika tumbo la msitu, ndiyo maana Mzungu alijenga kituo pale darajani, chini kidogo ya kwetu.

Msichana wangu akapiga. Simu ikaonyesha dari ya mabati, halafu sikio, halafu jicho moja.

"Shosho, shusha simu," akasema.

"Nimeshusha. Huyo kijana yuko wapi? Naona ukuta."

"Ni uso wangu, shosho," nikasema.

Akaniangalia. Ana uso mdogo, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa, na jicho ambalo ukilitazama unakumbuka vitu ulivyoiba.

"Wewe ni wa kwa nani?"

Nikamweleza ukoo, nyumba, mpaka duka lililo jirani.

"Hapo karibu na daraja."

"Ndiyo, shosho."

"Hmm. Na guka wako alikuwa wapi wakati wa ile shida?"

"Msituni!" nikasema, na nikaona msichana wangu anatabasamu kwa vitunguu. Nikapata moto. Nikamwambia shosho vile guka alitufundisha kuangalia maji. Asubuhi maji ni kama kioo, unaona mawe yote. Yakigeuka rangi ya chai ya maziwa na mvua haijanyesha, jua kuna watu huko juu wanatembea ndani. Ukitaka kujua kama ni wengi, angalia yanachelewa kiasi gani kusafika. Unalala kifudifudi nyuma ya ukuta wa mawe, hukohoi, husongi, unangoja wafike. Nilimwigizia hata vile guka alikuwa akishika fimbo kama bunduki, jicho moja amelifunga.

Uso wa shosho ulisimama bila kupepesa. Nikafikiri mtandao umekwama.

"Shosho, unanisikia?"

"Nakusikia. Rudia hapo kwa maji kuchafuka. Alikuwa ameelekea wapi?"

"Juu. Kwa msitu."

"Na yale maji yanatoka wapi?"

"Kwa msitu."

"Kijana. Mtu wa msituni alale aangalie maji yanayotoka msituni ili ajue nini? Ajue kwamba yeye mwenyewe anakuja?"

Nilifungua mdomo. Huwa haufunguki bure, siku hiyo ulifunguka bure.

"Wazungu hawakutembea ndani ya maji," akaendelea, sauti ile ile, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. "Walikuwa na viatu vizuri. Waliotembea ndani ya maji ni sisi. Na ukuta wa mawe kwa huo mto ni mmoja tu, ule wa daraja. Huyo guka wako alikuwa anatungoja sisi."

Msichana wangu akaweka kisu cha vitunguu chini.

"Sisi tulijua kuna mtu anaangalia maji," shosho akasema. "Tulikuwa tunatolewa kijijini na askari tuende tukachote na kulima nduma kwa matope ya ukingoni. Basi tulikuwa tunachimba. Tangu tufike mpaka tufukuzwe, tunachimba, tunakoroga, hata kama nduma hazijakomaa. Mwaka huo nduma zote zilikufa. Tulikuwa tunachafua maji kila siku ili yule wa darajani asijue ni lini ni miguu na ni lini ni majembe. Tulitaka achoke." Akavuta pumzi. "Alikuwa hachoki upesi, huyo."

Halafu akasema atafikiria, na dari ya mabati ikarudi, na simu ikakatika.

Msichana wangu alikaa bila kuniangalia. "Uliniambia alikuwa wa msituni."

"Ndivyo nilijua. Hakuwahi kusema alikuwa wapi. Alisema tu vile kulikuwa. Mimi ndiye nilimweka msituni, nilikuwa mtoto, ningemweka wapi?"

"Shosho alikuwa na dada mkubwa," akasema. "Walibeba pamoja. Alipigwa risasi ndani ya maji, upande wa juu wa hilo daraja. Siwezi kumlazimisha shosho kwa jambo hilo. Siwezi na sitaki."

Akarudi kwa vitunguu. Mimi nikaenda kuosha gari.

Tuliporudi Riyadh nikampigia baba mdogo, kitinda mimba wa guka, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba sasa kwa vile baba yangu alifariki. Nilimpata akiwa shambani, nikasikia kuku.

"Baba mdogo, guka alikuwa homugadi, askari wa Mzungu?"

Nikasikia anafukuza kuku.

"Nani amekuambia?"

"Ni mimi nimejiambia, kwa simu, mbele ya watu."

"Wewe huko Uarabuni gari halina kazi?"

"Baba mdogo, kuna msichana."

Akashusha pumzi. "Alikuwa kwa kituo cha daraja. Ndiyo. Na usiniulize alifanya nini hapo, kwa sababu sijui, hakusema, na nilimuuliza mara moja tu akaniangalia nikaacha. Alikuwa mtu mzuri kwetu. Hayo mawili yote ni yake."

"Na kwa nini kila mtu nyumbani anasema guka yake alikuwa msituni?"

"Uliza upande wetu wote, hakuna nyumba itakuambia tofauti. Hao watu wote wangekuwa msituni, miti ingesimama wapi?"

Nilicheka, halafu nikaona aibu kucheka.

Siku zilizofuata nilikuwa dereva mbaya, yaani dereva kimya. Nilimngoja madam, mke wa bosi, nje ya maduka bila kumtania mtu. Bosi akaniuliza kama ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ina shida. Nikamwambia hapana, ni mambo ya mto. Akafikiri ni msemo.

Msichana wangu alikuwa anajibu salamu tu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: nimeamka, nimekula, nalala. Sikumlaumu. Mwishowe nikaona hakuna wa kunibebea hili, nikamwomba namba ya shosho, akanitumia bila neno. Nikiwa nimeegesha chini ya kivuli cha jengo, nikarekodi sauti. Nilianza mara nyingi nikafuta, kwa sababu kila mara kichekesho kilijiingiza chenyewe kama paka. Ile niliyotuma ilikuwa hivi:

"Shosho, nimeuliza nyumbani. Ni kweli. Guka alikuwa darajani. Kama alikuwa hapo siku ya dada yako, sijui, na aliyekuwa anajua amekufa. Sina kitu kingine. Nampenda huyu msichana. Ni hayo tu."

Jibu halikuja siku hiyo wala kesho yake. Lilipokuja halikuja kwangu. Shosho alimpigia mjukuu wake, na mjukuu ndiye akanipigia, saa ya kupumzika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba sufuria iliyojaa.

"Amesema wazee wenu waje wabishe hodi."

"Amekubali!"

"Ngoja. Amesema wasije kwa daraja. Waje kwa maji. Wateremke pale kwenu, waingie mtoni, watembee ndani mpaka juu kwetu. Kwa miguu, bila viatu. Asiyetaka kuingia majini asifike kwake."

Nikapiga hesabu ya wazee wetu na magoti yao.

"Ni mzaha?" nikauliza.

"Shosho? Wewe umemwona."

Baba mdogo nilipomwambia alisema hapana kwanza, kama desturi yake. Halafu akauliza, "Na suti?"

"Kunja suruali."

"Na zile kreti za soda za posa?"

"Kichwani, baba mdogo. Walibeba unga kichwani, na walikuwa wasichana."

Hapo akakubali. Alisema atawaita wazee. Nilisikia baadaye kwamba kikao kilikuwa kirefu na chai iliisha. Mzee mmoja alisema haya ni matusi, mambo yalikwisha Mzungu alipoondoka, hakuna mtu wa kumvua viatu kwa ajili ya mke wa mtu mwingine. Wengine walisema maji ni baridi. Hakuna aliyesema kwamba shosho hana haki. Baba mdogo aliniambia hiyo ndiyo ilimshangaza. Kila mzee alijua mara moja kinachoitishwa ni nini na kwa nini, na wote walikuwa wameketi juu ya jambo hilo miaka yote kama kuku juu ya yai viza.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Ruhusa ya kwenda nyumbani sikuwa nayo, bosi, ambaye ndiye kafili wangu, mdhamini wa kibali, alisema labda mwaka ujao, kwa hivyo nilihudhuria posa yangu mwenyewe kwa simu, nikiwa nimeegesha nje ya duka kubwa, madam yuko ndani ananunua vitu vya wageni. Binamu yangu alishika kamera. Kwenye kona ya kioo, msichana wangu alikuwa kidirisha kidogo, yuko Jeddah kwa chumba cha kupigia pasi, aproni bado iko kiunoni.

Niliona miguu ya wazee kwanza. Sijawahi kuona miguu ya baba mdogo juu ya kifundo; ni myeupe kama viazi vilivyomenywa. Waliingia mmoja mmoja wakishikana mabega, kreti kichwani, wakilalamika. "Hili jiwe limewekwa na nani?" "Shika koti langu, si shati!" Yule mzee wa matusi alisimama juu ya daraja na viatu vyake, akawatazama. Baba mdogo akamwita. Akageuka akaenda nyumbani, na huyo hajaongea nasi mpaka leo.

Walitembea muda mrefu. Malalamiko yaliisha kidogo kidogo, nikawa nasikia maji tu. Sijui ilikuwa baridi au ni nini. Walipopita kona moja, pale ukingo una migomba, niliona shosho. Alikuwa amekaa kwa stuli, amejifunika leso mbili, fimbo magotini. Wazee wakataka kupanda kwake.

"Simameni hapo," akasema.

Wakasimama. Maji yaliwafika magotini.

"Ni hapo."

Hakutaja dada yake, na hakuna aliyehitaji kuuliza. Baba mdogo akashusha kreti kutoka kichwani akaikumbatia kifuani, kisha wengine wakafanya vivyo hivyo. Mto ulikuwa unapita katikati ya miguu yao, umejaa tope lao wenyewe, unaenda zake chini. Sikuangalia saa. Nilimwona msichana wangu kwa kidirisha, ameweka kiganja mdomoni.

Kisha baba mdogo, ambaye hajawahi kuomba radhi hata kwa kukukanyaga, akasema, si kwa sauti kubwa, "Mama, tumefika kwa njia yenu."

Shosho akamtazama. Akatazama na maji.

"Haya, pandeni," akasema. "Uji unapoa."

Wakaanza kupanda, wanateleza, wanavutana mikono, na mtu akaangusha kiatu alichokuwa amekifunga shingoni kikaenda na maji, na vicheko vikaanza upande wa jikoni kwa shosho. Shosho akaomba simu. Nikaona jicho moja.

"Kijana. Uko?"

"Niko, shosho."

"Wazee wenu wana miguu laini."

"Ni ya darajani, shosho," nikasema, na papo hapo nikatamani kuumeza ulimi. Msichana wangu akafunga macho.

Shosho akasogeza simu karibu na uso. Halafu mabega yakaanza kutikisika, kitambaa cha kichwa kikateleza, akacheka kicheko kikavu cha mtu ambaye hana mazoezi.

"Huyu," akamwambia mjukuu wake, "utamvumilia wewe, si mimi." Na akampa simu mtu mwingine, akaenda kuwapakulia wazee.

Mlango wa gari ukafunguliwa. Madam akaingia na mifuko, akaniona kwa kile kioo cha kuangalia nyuma.

"Una nini? Unacheka au unalia?"

"Nimepata mke, madam."

"Lini?"

"Sasa hivi. Hapa kwa parking."

Akanitazama, akatazama simu yangu ambayo sasa ilionyesha mbuzi na mguu wa mtu, akaamua kutoniuliza.

"Mabruk," akasema. "Yalla, twende. Aiskrimu inayeyuka."